Ndimu za Mama Magamba

Asubuhi ile mke wangu hakunusa kikombe. Alikiosha, akakikung'uta maji, akamimina chai, akanipa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nakaza kamba za kiti cha mtu. Nikakipokea kikombe nikawa namwangalia.

"Nini?" akauliza.

"Hamna kitu."

Akavaa viatu vyake vya mpira. Akachukua kisu chake, kilichofungwa kitambaa. Akasema mchele uko kwenye ndoo, nisikae na njaa kama mtoto. Akatoka. Jua halijafika utosini wenzake wa sokoni wakaja kuniita, nikamkuta ameshafariki.

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Ila ya kawaida kabisa haikuwa, kwa sababu ya kikombe. Tangu tuoane sikumbuki siku aliyonipa kikombe bila kukinusa kwanza. Alikuwa anakigeuza kuelekea mwanga, anaingiza pua, anavuta pumzi, ndipo anamimina. Na hapo ni mimi, mume wake. Mgeni hakupewa kikombe kabisa. Mgeni aliletewa soda, na chupa inafunguliwa mbele yake.

Kazi yake ilikuwa kupara samaki. Pale samaki wanaposhushwa kuna meza ndefu ya saruji chini ya bati. Ukinunua samaki wako unampelekea yeye, anapara magamba, anatoa mashavu, anapasua tumbo, anaosha, anakurudishia. Kifaa cha kuparia nilimtengenezea mimi. Ni kipande cha ubao, na vifuniko vya soda nimevipigilia misumari, meno yametazama nje. Vikibutuka nampigilia vingine. Ilikuwa ndiyo zawadi yangu. Wengine wanawapelekea wake zao vitenge, mimi nampelekea vifuniko vya soda, na anafurahi.

Magamba yalimrukia kila mahali. Kwenye nywele, kwenye kope, ndani ya sikio. Yakikauka yanang'aa. Nimeyakuta kitandani, nimeyakuta kwenye wali, mara moja nimeyakuta ndani ya gundi yangu ya mbao. Wateja wakamwita Mama Magamba. Sokoni aliitika. Nyumbani ukimwita hivyo hakusikii, hata ukirudia.

Nitasema ukweli. Alinuka samaki. Mimi nanuka vanishi na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

"Vanishi ni harufu ya mtu mwenye kazi," akanijibu.

"Na samaki je?"

"Samaki ni harufu ya samaki."

Kwa hiyo alijisugua. Majivu, sabuni, maganda ya ndimu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye ncha kama vya mtu aliyekaa majini. Na kwenye watu alijua upepo unatoka wapi. Harusini, msibani, hata kwenye benchi la zahanati, alikuwa anasimama kwanza, anausikia upepo shavuni, halafu anakwenda kukaa mwisho, ambako upepo ukipita kwake haupiti kwa mwingine. Watu wakasema anajisikia. Wakasema mke wa fundi viti hakai na watu. Nami nilikuwa nakaa naye huko mwisho, sisi wawili, kama watu waliokosana na wote.

Ilianza na dada yake. Tulikuwa bado wageni kwenye ndoa, tunakaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mke wangu ndio kwanza ameshika kisu. Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akampikia, akamsuka, akamwoza kwangu. Alikuja kutoka bara kutuona, safari ya kutwa nzima. Mke wangu akachemsha chai ya maziwa, akampa kwenye kikombe chetu kimoja chenye mkono. Dada akakipeleka mdomoni. Akasita. Akakiweka chini.

"Mdogo wangu," akasema, "kikombe chako kinanuka samaki."

Akacheka, wala si kwa ubaya. Akaomba maji. Maji nayo akayaacha. Chakula hakugusa, akasema safari imemvuruga. Kesho yake akapanda basi akarudi kwake.

Basi, imekwisha hiyo. Hakuna aliyegombana. Lakini tangu siku ile hakuna ndugu wa mke wangu aliyekanyaga kwetu. Yeye alikwenda kwao. Kwenye sherehe alikwenda, kwenye ugonjwa alikwenda, anajiosha siku nzima kabla ya safari. Wao wakitaka kuja, jibu lilikuwa moja: nyumba inatengenezwa. Mwaka mmoja tunapiga lipu. Mwaka mwingine tunabadilisha bati. Mwaka mwingine rangi. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na ua mdogo nyuma, nilivijenga mwenyewe, na rangi haijawahi kuiona.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, simu ikalia. Alikuwa binti wa dada yake. Simu yetu ina sauti kubwa, nasikia kila kitu.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama anataka kuja kwako. Anataka kula vitu vya bahari, nyumbani kwako, si hotelini."

"Marahaba mwanangu. Sasa, unajua hapa nyumba bado..."

"Amesema hata kama mmeezua paa atakaa juani. Amesema amezeeka, hawezi kuwasubiri mafundi."

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia kiti nilichokuwa nacho.

"Waje," akasema mwisho. Alisema kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Hapo akaanza kuosha. Aliosha kuta. Aliosha pazia, akalianika, akalinusa, akaliosha tena. Alichota mchanga akasugua masufuria mpaka la wali likaanza kuonyesha mwanga upande wa pili. Mbao zangu akazitoa nje. Mimi mwenyewe nikatolewa nje. Jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno, akachungulia juu ya ukuta.

"Mama, kuna nini? Mmefumania?"

"Wageni."

"Wageni wa kuja kula au wa kuja kukagua?"

Mke wangu hakucheka. Alikuwa na gunia la ndimu. Gunia, si kikapu. Nilimwuliza za nini zote hizo. Akasema nimwache.

Siku yenyewe alirudi kutoka sokoni mapema na samaki wazuri kuliko wote walioshushwa, kamba wakubwa, kaa waliofungwa kamba miguuni, na pweza mmoja. Wenzake wa mezani walimchagulia. Walijua ana ugeni, ingawa hakuwaambia ni wa nani. Akaketi uani, akakamua ndimu. Kwanza akaosha mikono kwa ndimu, halafu kisu, halafu ubao wa kukatia. Halafu akaosha samaki.

Samaki huoshwa ndimu, kila mtu anajua. Unamkamulia kidogo, unamsuuza, basi. Yeye aliwaosha kama anavyojiosha yeye. Aliwatia kwenye beseni la maji ya ndimu, akawanusa, akamwaga, akakamua upya. Akawanusa. Akamwaga. Kamba wakageuka weupe kabla ya kuona moto. Pua yake ilikuwa inatafuta kitu kimoja tu, na kila ikikipata anakamua nyingine. Ulimi hakuutumia kabisa. Mimi niliona. Lakini nilidhani anajua, kwa sababu ile ndiyo kazi yake, na mimi ni mtu wa viti.

Wageni wakafika jua likiwa limeanza kulegea. Dada mkubwa ameshika fimbo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Binti yake. Na mume wa binti, dereva wa lori, mtu mnene wa kucheka, ambaye hajawahi kula kaa na alikuwa amewatangazia madereva wenzake wote kwamba anakwenda kula kaa. Akasalimia, akaweka mizigo, akaizunguka nyumba. Akarudi.

"Baba, lile ghorofa liko upande gani?"

"Ghorofa gani?"

"Si mnajenga siku zote? Kwetu tunajua mna ghorofa. Mimi nimekuja na viatu vya kupandia ngazi."

Nikamwambia msingi bado unakauka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alisikia. Aliinamisha kichwa, akarudi jikoni, na nikaona shingo yake imetoka jasho.

Tukakaa uani. Viti vyote vilikuwa vya wateja. Nikamwambia dereva asiegemee sana, kile ni cha mwalimu na bado hakijakauka. Mke wangu alikuwa mbali nasi kwenye jiko la mkaa. Samaki akigusa moto lazima anuke, na ile ni harufu nzuri, inaita watu. Yeye alishika ungo akawa anaupepea moshi uende upande wa fundi cherehani. Harufu ikizidi anakamua ndimu juu ya moto. Ndimu ikiingia kwenye makaa inapiga kelele, na yeye anaipepea tena.

"Mama, lete moshi huku," dereva akasema. "Mbona jirani ndiye anakula?"

Akaleta chakula. Sinia la samaki, sinia la kamba na kaa, bakuli la pweza, wali. Akawanawisha mikono mmoja mmoja. Alipomaliza hakukaa. Alisimama nyuma ya dada yake, akamwangalia mkono. Nilijua anachokingoja. Alikuwa anangoja aone kama ule mkono utakwenda mdomoni, au utashuka.

Lakini aliyewahi alikuwa dereva. Akavunja mguu wa kaa kama alivyoota, akaunyonya. Macho yakafumba. Jicho moja likafunguka, la pili likakataa.

"Baba," akaniambia polepole, "huyu kaa anaamsha."

Mke wake akaonja kamba. Akameza bila kutafuna. Akanywa maji, akanywa tena. "Mama mdogo," akasema, kwa adabu kabisa, "kumbe vitu vya bahari ndivyo vilivyo?"

Nikaonja. Ilikuwa ndimu tupu. Hakukuwa na samaki, hakukuwa na bahari. Hata pweza alikuwa ndimu yenye miguu. Mke wangu akaona uso wangu. Akainama, akamega kipande cha samaki, akaweka mdomoni. Akasimama nacho vile. Halafu akaweka kiganja mdomoni akaingia ndani.

Nilimfuata. Amesimama katikati ya maganda ya ndimu, jiko zima maganda, amenipa mgongo.

"Nimewaharibia," akasema. "Wametoka kote huko. Usinitazame."

Sikumtazama. Nikatazama maganda. Binti wa dada naye akaingia, anajifuta mdomo.

"Mama mdogo, usijali. Mume wangu atakula tu, huyo anakula chakula cha njiani. Na mama yeye hatajua."

"Hatajua vipi? Dada ana pua kama mbwa."

"Alikuwa nayo. Tangu ile homa ya mwaka juzi hanusi kitu. Wala chakula hakisikii. Anasema ni kama kula karatasi. Nilidhani alikwambia."

Mke wangu akageuka. "Hanusi?"

"Juzi ugali uliungua chumbani kwake, akakaa nao mpaka majirani wakaja."

Nilidhani atalia au atacheka. Alikaa juu ya gunia lililobaki, mikono yake ile myeupe magotini. Uani dada mkubwa akaita.

"Nyinyi. Mmejificha na samaki huko?"

Tulipotoka alikuwa ameshamaliza kipande chake, anavuta cha pili. Vidole vinachuruzika. Dereva anamwangalia kama anayeona mtu anatembea juu ya moto.

"Hiki nakisikia," dada akasema. "Nakisikia ulimini, mpaka kwenye masikio. Tangu niugue sijasikia chakula. Umetia nini?"

"Ndimu," mke wangu akasema.

"Ongeza."

Akala. Sisi tukala wali. Mke wangu akakaa mkekani, karibu na dada yake, na sikuona akiutafuta upepo. Kisha akasema, amelitazama sinia:

"Dada. Unakikumbuka kile kikombe?"

"Kikombe gani?"

"Ulipokuja. Tulipokuwa chumba kimoja. Nilikupa chai, ukasema kikombe kinanuka samaki."

Dada akafikiri. Akatafuna, akafikiri tena. "Kikombe sikikumbuki," akasema. "Ila kama ni safari ile, nilikuwa na huyu tumboni." Akamwonyesha binti yake kwa mwiba wa samaki. "Mimba changa, sijamwambia mtu. Wakati ule hata maji yalininukia. Baba yake nilimfukuza chumbani. Akaniuliza, kwani nanuka nini? Nikamwambia unanuka mume."

Dereva akacheka mpaka kiti cha mwalimu kikalia. Binti akacheka. Mimi nilitaka kucheka, nikaona uso wa mke wangu, nikaacha.

Dada naye akauona. Si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Akaweka mwiba chini. Akatazama kuta, akatazama bati langu la zamani, mlango wangu wa zamani.

"Kwa hiyo nyumba," akasema, "haikuwa inatengenezwa."

"Haikuwa."

"Miaka yote."

"Ndiyo, dada."

Juu ya ukuta hata fundi cherehani alikuwa amenyamaza, na huyo hanyamazi akilala.

"Mimi nilidhani hututaki," dada akasema. "Nilikuwa nawaambia watoto, mama yenu mdogo amekuwa mtu wa pwani, sisi tukienda tutamwachia vumbi. Wakikuulizia nilikuwa nasema mwacheni. Nimekutetea, na huku moyoni nakusema."

Mke wangu alikuwa ameinama kiasi kwamba nilimwona utosi. Kwenye nywele kulikuwa na gamba moja, kavu, linang'aa. Kusugua kote kule, na lenyewe lilibaki. Dada mkubwa akanyoosha mkono wenye mafuta na ndimu, akalibandua. Akalitazama. Akalibandika kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kiganja, kama mtoto anavyofanya. Aliendelea kula.

"Nipe chai," akasema baadaye. "Kwenye kikombe. Soda sitaki."

Mke wangu akaenda akaleta. Alikijaza mno, chai ikamwagika kwenye sahani ya kikombe. Dada akanywa yote.

Walilala, na mimi na dereva tukalala uani, yeye akikoroma kwa Kilori. Asubuhi dada akataka samaki waliobaki. Binti akasema basi litajaa watu, joto, safari kutwa nzima. Dada akasema atabeba mwenyewe mapajani.

Hapa nimeze mate kidogo. Tangu mke wangu aondoke, ndugu walikuja wakafua nguo zake zote na kuzigawa, na walifanya vizuri. Aproni yake ya kazini hawakuiona. Niliificha nyuma ya mbao kabla hawajafika. Siku nyingine naitoa. Nafunga mlango kwanza, kwa sababu fundi cherehani anachungulia, na mzee mzima kunusa aproni si kitu cha kuonwa. Harufu inapungua. Sipendi kuitoa mara nyingi, isije ikaisha. Nikikaa nayo ndipo naona nimeshika aibu ambayo yeye mwenyewe aliiacha siku ile kituoni.

Kwa sababu tuliwasindikiza kituoni. Kila alipopeleka samaki kwa ndugu zake alikuwa anawafunga kwa magazeti, mfuko, kitambaa, mfuko tena, mpaka mzigo unakuwa kama mtoto mchanga. Safari hii alifunga gazeti moja. Dada akapanda, akapewa kiti cha dirishani, akakumbatia mzigo. Abiria wa pembeni akaugeuza uso. Binti akaona haya, akamwambia mama yake auweke chini. Mke wangu alikuwa nje, chini ya dirisha, na upepo ulikuwa unatoka kwake unakwenda kwa watu wote waliosimama pale. Aliusikia. Najua aliusikia, alishika shavu. Hakuhama. Basi lilipoanza kunguruma akalipiga ubavuni kwa kiganja, akasema, na watu wote wakasikia:

"Mzigo ukinuka njiani, waambieni mmetoka kwangu."